Ini la Mtu Asiyekunywa

Wateja walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa. Alikuwa dobi tangu usichana wake, kwanza kwa pasi ya mkaa, baadaye kwa ya umeme, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa misuli kuliko wa kushoto. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, mabeseni chini ya bomba, kamba zilizovuka kutoka ukuta hadi ukuta, na dirisha la barabarani ambalo mchana halikufungwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mvuke. Ya pili, Mama Pasi alipenda kuona nani anapita na nani.

Usimcheke. Nguo haina siri kwa anayeifua. Alijua bwana wa nyumba ya pembeni amefukuzwa kazi kabla mke wake hajajua, kwa sababu mashati yalianza kuja na vumbi badala ya wino. Alijua nani amegombana na mkewe kwa kuhesabu vifungo vilivyong'oka, na nani amepatana naye. Hakusema. Mdomo wake ulikuwa na kufuli, na kufuli hilo ndilo lililomletea wateja. Lakini mtu akijua mambo ya watu muda mrefu hivyo huanza kuamini kwamba kila mtu anaficha kitu, na asiyeonekana kuficha ndiye fundi kuliko wote. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Wengine huichukua kama methali. Mama Pasi aliichukua kama maelekezo ya kazi.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja. Mteja akileta nguo yenye doa, kabla hajaigusa humwuliza, "Umeshaweka kitu gani hapa?" Watu ni waongo sana kwenye suala la madoa. Mtu amemwagikiwa na chai, akapaka ndimu, akaongeza chumvi, akajaribu dawa ya kutakatisha ya jirani, kisha analeta shati limekunjwa vizuri na kusema hajaligusa. Dobi akiweka dawa yake juu ya hizo, kitambaa kinageuka rangi na kutoboka, na lawama zote ni zake. Kwa hiyo Mama Pasi aliuliza, akamkazia mteja macho, akanusa, akauliza tena. Nguo zilizomharibikia maishani ni chache, na karibu zote hazikuharibiwa na doa. Ziliharibiwa na kitu alichofichwa.

Sasa mume wake. Huyo alijulikana kwa jina la Msasa, maana kazi yake ilikuwa kulainisha na kupiga polishi samani katika karakana ya seremala, barabara ya pili. Kabati likitoka kwa seremala limekwaruzika na kupauka, Msasa alilisugua hadi ukipitisha kiganja hukwami popote, kisha akalipaka polishi iliyoyeyushwa kwa spiriti, tabaka juu ya tabaka, kwa kitambaa alichokiviringisha kiganjani. Alirudi nyumbani na vidole vya kahawia na harufu ya spiriti hadi kwenye nyusi. Alikuwa mnene, mpole, mwenye tumbo lililotangulia mlangoni, na aliamini watu kupita kiasi. Ukimwambia kesho jua litachelewa, atakuuliza litachelewa kwa muda gani ili ajipange. Mkewe alimcheka kwa hilo miaka yote ya ndoa yao, na miaka yote hiyo alikuwa na wasiwasi kidogo kwamba mtu hawezi kuwa mnyoofu namna hiyo bila sababu.

Msasa alikuwa na kisukari cha muda mrefu. Alikuwa akimeza vidonge vyake, akisahau, akikumbuka, akinywa soda mbili karakanani na kukiri alipoulizwa. Siku moja miguu ilimvimba, wakaenda hospitali wote wawili, Msasa akapimwa damu na mkojo, kisha akalazwa kwenye kitanda chembamba, akapakwa mafuta baridi tumboni na kupigwa ultrasaundi. Daktari wao alikuwa dada mmoja kijana mwenye sauti ya chini na kalamu aliyoizungusha vidoleni kila alipofikiri. Aliwaketisha, akaanza kueleza kwamba sukari imekaa mwilini kwa miaka, protini imeanza kuvuja kwenye mkojo, na figo zimeanza kuchoka. Mama Pasi alitikisa kichwa, anaelewa. Kisha daktari akasema picha inaonyesha pia kwamba ini limejaa mafuta. Akamgeukia Msasa na kumwuliza kama anakunywa pombe.

Msasa akasema hapana, hajawahi. Daktari akaandika.

Baada ya hapo daktari alizungumza sana, na alizungumza vizuri. Alisema siku hizi ini la namna hii analiona kwa watu wasiojua hata ladha ya bia. Linatokana na sukari, uzito na mafuta ya tumboni. Wenye kisukari wengi wanalo bila kujua, kwa sababu haliumi. Na likikaa pamoja na kisukari na figo zilizochoka, kila kimoja kinamwongezea mwenzake mzigo. Dawa yake kubwa ni kupunguza uzito, kutembea kila siku, kuacha soda na sukari ya kwenye chai, kumeza vidonge bila kuruka, na kutoweka kitu kingine chochote mwilini bila kumwuliza yeye. Yote hayo yaliingia kwenye sikio la Msasa. Mama Pasi alikuwa ameshabaki nyuma, kwenye neno ini.

Baba yake alikufa kwa ini. Alikuwa mlevi wa kujificha, mlevi wa pipi za mnanaa, aliyerudi jioni akinukia kama duka la dawa na kuapa kwamba anatoka kibandani kwa rafiki yake kucheza bao. Mama yake aliamini. Mama Pasi, wakati huo msichana wa kufua mashati ya nyumbani, ndiye aliyejua kwa kola na mifuko, na hakusema, na baba akavimba tumbo, macho yakawa ya njano, akafa akiapa. Tangu hapo kwake ini lilikuwa na maana moja tu. Tena alijiuliza kitu kimoja njia nzima ya kurudi: kama daktari hakuona pombe kwenye ile picha, kwa nini aliulizia pombe? Hakuna anayeulizia moto kama hajaona moshi.

Na hapo ndipo harufu ya spiriti, aliyoizoea hata akawa haisikii tena, ilipomgeukia kuwa ushahidi. Aliwaza: mtu anayetaka kuficha pombe atafanya kazi gani bora kuliko hii? Nani atajua ipi ni ya kabati na ipi ni ya koo? Akajiona mjinga. Yeye, mwenye pua inayotambua shati la kuazima, amelala miaka yote kitanda kimoja na chupa.

Uchunguzi ukaanza. Kila jioni shati la Msasa lilipita mikononi mwake kabla halijafika kwenye beseni, kola, kwapa, mikono, mfuko. Halikusema kitu zaidi ya spiriti, jasho na vumbi la mbao, na ukosefu huo wa dalili ukamtia shaka zaidi. Alifika karakanani bila taarifa akidai amepita tu, akaangalia chupa zilizopangwa dirishani, akamwuliza seremala kwa utani kama spiriti huisha haraka. Seremala, mtu asiye na habari, akasema siku hizi inaisha haraka kweli, kazi zimeongezeka. Mama Pasi alimshukuru kwa namna ambayo seremala hakuielewa.

Kisha Msasa akaanza kuchelewa. Alisema daktari amemwambia atembee, kwa hiyo akitoka kazini anazunguka uwanja wa shule kabla ya kurudi. Mama Pasi alimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayesema hajagusa doa. Mwanamume mnene wa umri ule, miguu imevimba, atembee bila pa kwenda, kisha arudi alipoanzia? Siku moja alifunga kazi mapema, akajitanda khanga hadi usoni, akamfuata. Na kweli, Msasa alifika uwanjani, akaweka mfuko wake chini ya goli, akaanza kuzunguka taratibu, mikono nyuma, anahema, anawasalimia watoto wa mpira. Mama Pasi alisimama nyuma ya ukuta hadi miguu yake mwenyewe ikamuuma. Mtu mwingine angerudi nyumbani ametulia. Yeye alirudi akiwa na hakika kwamba mumewe amejua anafuatwa.

Swali moja rahisi halikumjia, na likija alilifukuza: kumwuliza. Angemwuliza nini, na angejibiwa nini? Baba yake aliulizwa mara ngapi? Alimpenda Msasa, hilo liandikwe wazi, alimpenda kwa ukali wa mtu aliyekwisha kuzika mmoja, na aliogopa kumzika wa pili akiwa anajua na amenyamaza tena. Safari hii aliapa hatanyamaza. Wala hatasema. Atafanya.

Alikuwa na mteja, mwalimu wa kike, ambaye mashati ya mumewe yalikuwa yakinuka bia wiki baada ya wiki hadi Mama Pasi akawa anayaloweka peke yake. Mwaka ule yaliacha kunuka. Hilo aliliona kwa pua yake, hakusimuliwa. Alimbana mwalimu kwa maneno matamu alipokuja kuchukua nguo, na mwalimu, aliyejua kufuli la mdomo ule, akamnong'oneza: kuna mama anauza dawa za mizizi nyuma ya stendi, ana unga wake, unatia kidogo kwenye chai, mtu anaichukia pombe mwenyewe. Na ini linasafishika.

Mama muuza dawa alikuwa mchangamfu, hana haraka, ana kopo lenye unga wa kijivu. Alitoa masharti mawili. La kwanza, mgonjwa asijue, akijua haifanyi kazi. La pili, akianza kutapika, usiogope wala usiache, hiyo ndiyo pombe inatoka, ongeza kidogo.

Niseme ukweli, hapa Mama Pasi ananiudhi. Mwanamke asiyeruhusu mtu kupaka hata ndimu kwenye doa bila yeye kujua, mwanamke anayewashuku majirani, wakwe, seremala na uwanja wa shule, alipokea unga asioujua jina kutoka kwa mtu asiyemjua jina na hakuuliza hata swali moja. Wenye shaka nyingi ndivyo walivyo. Humnyima imani anayeistahili, kisha imani yote ile iliyobanwa humwagikia mpita njia.

Asubuhi ya pili unga uliingia kwenye chai ya Msasa. Ilikuwa chungu. Lakini Msasa alikuwa ameacha sukari kwa amri ya daktari, na alidhani chai isiyo na sukari ndivyo ilivyo. Alikunja uso, akamaliza kikombe, akasema taratibu atazoea. Kila asubuhi alisema hivyo, na kila asubuhi alimshukuru mkewe kwa kuamka mapema kwa ajili yake.

Wiki zikapita. Msasa akaanza kutapika asubuhi, na Mama Pasi, akimshikia beseni na kumpangusa uso, moyo wake ulifurahi. Inatoka. Akaongeza kidogo. Msasa akakosa hamu ya kula, akapungua uzito, akawa analala mchana karakanani juu ya mbao. Vifundo vya miguu vilivimba hata viatu vikamkataa. Mkojo ukawa mchache. Alikuwa akimweleza mkewe kila kitu, kama kawaida yake, na mkewe alikuwa akimwambia avumilie, mwili unajisafisha.

Aliyeshtuka ni wifi. Dada mkubwa wa Msasa alikuwa mshona mapazia, mwanamke mkavu wa maneno, na yeye na Mama Pasi walikuwa wamevumiliana miaka mingi kwa tabasamu. Msasa alikuwa akienda kwake kila Jumapili kumtengenezea hiki na kile. Jumapili moja alishindwa kupanda ngazi za dada yake. Siku iliyofuata wifi alisimama mbele ya meza ya pasi, hakukaa, hakuweka mkoba chini.

"Wifi," alisema, "kaka yangu anakula nini humu ndani?"

Mama Pasi akaendelea kupiga pasi. Alijibu kwamba anakula wanachokula wote, na kwamba kama ni kuulizana, yeye pia angependa kujua anakunywa nini huko kwake kila Jumapili. Wifi aligeuka, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile Mama Pasi alifanya jambo baya kuliko unga, na alijua ni baya wakati analifanya. Alimwambia mumewe, kwa sauti ya huruma, kwamba hapendi kusema, lakini ugonjwa wake unazidi kila akitoka kwa dada yake. Asimwambie kitu, ila apumzike kwenda, asile kule kwanza. Msasa alishangaa sana. Alikaa kitandani akisugua vidole vyake vya kahawia, akasema dada yake ndiye aliyemlea. Mkewe akasema hata yeye anaumia kulisema. Jumapili iliyofuata Msasa hakwenda. Alimwamini, kama alivyoamini watu wote, na huyu zaidi ya wote.

Tarehe ya kliniki ikafika. Daktari alisoma majibu ya damu, akayasoma tena, kalamu ikaacha kuzunguka. Aliuliza kama Msasa amekuwa akimeza dawa za maumivu. Hapana. Majani, mizizi, unga wa aina yoyote? Hapana. Dawa ya kupunguza uzito, kinywaji cha kusafisha mwili? Hapana, daktari, wala soda, niliacha.

Daktari akaeleza. Figo za Msasa zilikuwa zimechoka, ndiyo, lakini kisukari huzila polepole, kwa miaka. Hizi zimeanguka ndani ya miezi michache, na vipimo vya ini vimepanda pamoja nazo. Sukari haikimbii hivyo. Kuna kitu kingine. Kama ni kitu anachokitumia, kikiachwa sasa hivi huenda figo zikarudi kiasi. Kama si hivyo, itabidi alazwe leo, na kesho achomwe sindano ndefu mgongoni kuchukua kipande kidogo cha figo, na si jambo dogo kwa mtu mwenye hali yake, kwa sababu anaweza kuvuja damu. Na zikiendelea kushuka kwa kasi hii, wajiandae kwa mashine ya kusafisha damu. Kisha akamwinamia, akauliza kwa upole uleule, lakini upole ambao mtu mzima anajua umebeba shaka:

"Mzee, hakuna atakayekugombeza hapa. Umeweka kitu gani kingine mwilini?"

Mama Pasi alilisikia swali lake mwenyewe. Alikuwa amelitamka maelfu ya mara juu ya meza ya pasi na hajawahi kukaa upande wa pili wake. Alijua pia uso ule wa daktari, uso wa mtu anayejua anafichwa, na aliona unamwangalia mtu ambaye si yeye.

Msasa alikuwa amekwisha kuumia. Hakuzoea kutoaminiwa, maskini, hakuwa na usugu wa hilo. Alisema anaapa. Daktari akainamisha kichwa kwa heshima na hakuamini, na Msasa akaona hakuaminiwa, akageuka, akamwonyesha mkewe kwa kiganja kilicho wazi.

"Muulizeni huyu," alisema. "Hakuna kinachoingia tumboni kwangu asichokijua. Mwambie, mama. Wewe unanijua."

Feni ilikuwa ikilia juu yao. Kulikuwa na bango la mazoezi ukutani, na beseni la kunawia lenye bomba linalodondoka, na Mama Pasi aliviona vyote kwa wakati mmoja. Angeweza kusema hapana. Daktari hangejua, Msasa hangejua, unga ungemwagwa chooni leo hii na siri ingekwisha. Ila kesho sindano ingemwingia mtu huyu mgongoni kutafuta kitu kilichokuwa jikoni kwake, kwenye kopo, nyuma ya chumvi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Aliona aibu inamjia, ya daktari, ya wifi, ya barabara nzima, na alitamani awe mtu mwingine yeyote.

"Ni mimi," alisema.

Hawakumwelewa. Ikambidi aseme yote: unga, chai, kila asubuhi, na kwamba alipotapika aliongeza. Daktari hakumfokea. Aliuliza ni unga gani, wa rangi gani, kiasi gani, tangu lini, akamwagiza aende akaulete sasa hivi na asiumwage. Lakini Mama Pasi hakuweza kuinuka, kwa sababu Msasa alikuwa anamwangalia, bila hasira, kama mtu anayejaribu kusoma kibao kilicho mbali.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilidhani unakunywa."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungesema hapana."

"Ningesema hapana," Msasa alisema, "kwa sababu ni hapana."

Daktari alirudia maelezo yake ya mwanzo, safari hii akimwelekea mke, neno kwa neno: kwamba ini lile halikuona pombe, kwamba mafuta yalijengwa na sukari na uzito, kwamba mumewe alikuwa ameanza kufanya kila alichoagizwa, na uwanja wa shule ulikuwa umeanza kumsaidia. Alisema pia kwamba swali la pombe humwuliza kila mgonjwa, hata masista wa kanisani. Mama Pasi aliyasikia yote, la kwanza hadi la mwisho. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alikuwa amekwisha kukaa mapajani.

Msasa alilazwa. Unga uliletwa, ukapelekwa maabara, chai ikasimama, sindano ikaahirishwa, dawa zake zikabadilishwa. Siku chache za kwanza hazikuonyesha kitu, na Mama Pasi alikaa kwenye benchi la nje akiwa na chakula ambacho nesi alikichukua, bila yeye kujua kama kililiwa. Kisha mkojo ukaanza kurudi. Kisha majibu ya damu yakaacha kupanda, yakashuka kidogo, yakashuka tena, yakasimama. Daktari aliwaambia ukweli: mashine si ya sasa, huenda isiwe ya miaka mingi Mungu akijalia, lakini sehemu ya figo iliyokwenda na ule unga imekwenda, na haitarudi. Figo za Msasa sasa ni za kutunzwa kama yai.

Mama Pasi aliisubiri hukumu yake, na haikuja. Wifi alifika wodini na mapakacha na macho makali, akamwuliza kaka yake mbele ya mkewe tatizo lilikuwa nini hasa. Mama Pasi alishika ncha ya shuka. Msasa alisema ni dawa moja haikupatana naye, daktari amekwisha kuiondoa. Akamwambia dada yake amemkosa Jumapili zile, na kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe, alikuwa mvivu wa ngazi. Ulikuwa uongo wa kwanza ambao mkewe alimsikia akiusema tangu wajuane. Aliusema vizuri, bila kupepesa, na aliusema kwa ajili yake. Mama Pasi alitoka nje akalia kwenye ngazi za wodi hadi mfagizi akamwomba asogee.

Msasa akaruhusiwa, akarudi nyumbani. Wakaishi. Msasa aliongea naye kama kawaida, alimsimulia ya karakanani, alimcheka alipounguza kola ya mtu, alikwenda uwanjani na sasa mkewe akienda naye, mbele ya watu, bila khanga usoni. Alimwambia amemsamehe, na Msasa hakuwa mtu wa kusema asilomaanisha, ukiacha lile la wodini.

Lakini asubuhi ya kwanza baada ya kutoka hospitali, Mama Pasi alichemsha chai mbele yake, mlango wa jikoni wazi, akatoa kila kitu kabatini ili aone hakuna kilicho nyuma ya kitu. Akammiminia, akaweka kikombe mbele yake, akasimama. Msasa aliangalia ndani ya kikombe. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomkata Mama Pasi maini, maana uso ule aliufahamu: ulikuwa uso wake mwenyewe dirishani, mchana, akiangalia nani anapita na nani. Hakuwahi kuuona kwa mumewe. Yeye ndiye aliyemwekea.

Msasa akakisukuma kikombe kidogo upande wake.

"Anza wewe," alisema.

Mama Pasi akakaa, akanywa funda, akameza, akamrudishia. Msasa akangoja kidogo, kisha akanywa hadi mwisho na kumshukuru, akachukua mfuko wake, akaenda kazini. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho yake tena. Siku hizi hasemi neno. Anasubiri tu.